Kioo Cheusi Mbele ya Pikipiki: Jicho Linapita Wapi?

Sospeter: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Mwanza na wa kandokando ya ziwa kwa jumla. Leo tunazungumzia jambo linalopendwa sana na wenye pikipiki kubwa, na hata na baadhi ya waendesha bodaboda waliofunga kioo cha mbele, nalo ni kukitia giza kioo hicho, ama kwa kubandika karatasi ya tinti, ama kwa kupuliza rangi, ama kwa kununua kingine kilichotoka kiwandani kikiwa cheusi. Msimamo wangu unajulikana: kioo cheusi kinapendeza.

Neema: Hapo sikupingi, kaka Sospeter. Kioo cheupe kinaanika kila kilicho nyuma yake, yaani nyaya, boliti za taa na vumbi lililojikusanya pembeni mwa dashibodi, ilhali cheusi kinayafunika yote hayo na kuufanya uso wa pikipiki uonekane kitu kimoja kuanzia taa hadi tangi. Tena kinaitia dashibodi kivuli kidogo, ukaweza kusoma mwendo jua likiwa utosini. Swali langu ni moja tu: ukishakaa kwenye siti, unaitazama barabara kupitia kwenye kioo au juu yake?

Sospeter: Wengi watakujibu kwamba wanatazama juu yake. Vioo vya pikipiki za mashindano ni vifupi, na hata vile virefu vya safari hushauriwa ukingo wake wa juu uishie usawa wa pua au kidevu cha mwendeshaji.

Neema: Watanijibu hivyo kwa sababu wanafikiria lori lililo mbali mbele yao. Hebu tupige hesabu. Chukua jicho lililo mita 1.5 kutoka ardhini na kioo kilicho sentimita 60 mbele ya jicho hilo. Ukitazama shimo lililo mita 15 mbele yako, mstari wa jicho unapita kwenye kioo sentimita 6 chini ya usawa wa macho, na kwa kioo kifupi hapo bado uko juu ya ukingo. Shimo likiwa umbali wa mita 5, mstari huo unashuka hadi sentimita 18, na hapo umeshaingia ndani ya kioo hata kama ukingo wake uko usawa wa kidevu.

Sospeter: Lakini, dada Neema, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki inakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Shimo la mita 5 kwa mwendo huo, uwe na kioo cheusi au cheupe, umeshaliingia.

Neema: Ni kweli kabisa, na ndiyo maana kwenye barabara kuu hoja yangu inapungua nguvu. Inapata nguvu pale sokoni Makoroboi mjini Mwanza, katikati ya meza za wamachinga, au kwenye njia za mawe zinazopanda milimani, mahali unapokwenda kwa mwendo wa miguu na kila unachopaswa kukikwepa kiko chini ya pua ya pikipiki. Usisahau pia abiria. Abiria mzito, au magunia mawili ya dagaa nyuma, yanaikalisha shokapu, pua ya pikipiki inainuka, na ile sehemu ya barabara uliyokuwa ukiiona juu ya kioo inahamia nyuma ya kioo. Mtu anayepima kioo chake akiwa peke yake kwenye pikipiki, tena amesimamisha kwa stendi mbili, amepima pikipiki ambayo haendeshi.

Sospeter: Nakubali. Sasa nije kwenye hoja ya jua, kwa sababu huku kwetu watu husema wanaweka giza si kwa urembo bali kwa ajili ya mwanga wa ziwa. Anayekwenda Sengerema jioni kupitia Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025, anaelekea magharibi kwa kilomita 3 za daraja peke yake, jua likiwa usoni na maji yakimrudishia mwanga kutoka chini. Huyo naye tumwambie kioo cheusi ni urembo?

Neema: Tumwambie hivyo hivyo, kwa heshima. Kama kioo chake ni kifupi kiasi cha kutazama juu yake, basi jua linapita hapo hapo juu na giza la chini halimsaidii chochote. Kama ni kirefu na anatazama kupitia ndani yake, kitamsaidia kwa muda mfupi sana, kwa kuwa Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta na huku jua halichelewi kuzama. Linatua karibu na saa 1 usiku, na baada ya dakika 20 hivi unahitaji taa. Aliyeondoka Usagara, upande wa Mwanza, akilishukuru giza la kioo atafika Sengerema akililaani, na kioo hakivuliki njiani.

Sospeter: Miwani inavulika.

Neema: Ndiyo, na kwa mng'ao wa maji miwani ya polaraidi ni bora kuliko tinti yoyote, kwa sababu inazuia hasa ule mwanga uliolala unaorudi kutoka kwenye uso wa ziwa, ilhali tinti inapunguza kila kitu kwa kiasi kile kile, mng'ao pamoja na mbuzi anayevuka. Kasoro yake ni kwamba ukitazama kupitia kioo cha plastiki kilichokunjwa kiwandani unaweza kuona madoa yenye rangi za upinde wa mvua, na dashibodi za kidijitali nazo huweza kufifia.

Sospeter: Na wanaovaa helmeti yenye kioo cheusi juu ya yote hayo?

Neema: Hao ndio wanaonitia hofu. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, katika toleo lake la 05 lililotangulia lile la 06, ilitaka kioo cha helmeti kipitishe walau asilimia 80 ya mwanga, na kinachopitisha kati ya asilimia 50 na 80 kiandikwe kuwa ni cha mchana tu. Sasa weka kioo cha helmeti cha asilimia 50 nyuma ya kioo cha pikipiki cha asilimia 50: jicho linabakiwa na robo. Ongeza miwani ya jua inayopitisha asilimia 15, na umebakiwa na chini ya asilimia 4.

Sospeter: Tuzungumzie kazi yenyewe, kwa maana ndiko vioo vingi vinakoharibikia. Karatasi ya tinti ya gari imetengenezwa kwa ajili ya kioo halisi, na kioo cha pikipiki ni plastiki, ama akriliki ama polikaboneti, tena kimepinda pande mbili. Fundi akiilazimisha kwa mashine ya hewa moto, akriliki huanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 na kitu, na mashine hiyo inapita hapo kwa mbali. Polikaboneti nayo hutoa hewa taratibu, na baada ya muda karatasi inaota malengelenge.

Neema: Na rangi ya kupuliza ni hatari zaidi, maana tina iliyomo, yaani kile kiyeyusho cha rangi, inaweza kuipasua plastiki mipasuko midogo kama ya utando. Petroli hufanya hivyo hivyo, na bado kuna watu wanaosafishia kioo kwa petroli! Wale wadudu wa ziwani wanaoganda kwenye kioo jioni unawatoa kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni, ukikiacha juu yao dakika chache kwanza. Kwenye kioo cheusi usipowatoa hutawaona, ila utashangaa kwa nini taa za magari zinatawanyika.

Sospeter: Basi nunua kilichotiwa rangi kiwandani, au fanya ninavyotaka kufanya mimi: chini kuwe cheusi kabisa, kufunika nyaya na boliti, na juu niache utepe mweupe wa vidole vinne.

Neema: Vidole vinne ni sentimita 7 au 8. Ukingo wa kioo chako uko wapi ukilinganisha na macho?

Sospeter: Kama sentimita 10 chini.

Neema: Basi lile shimo la mita 5 litapita sentimita 8 chini ya ukingo, pale pale utepe unapoishia, na hapo sijakupakilia abiria. Acha vidole sita, na ubandike tepu kwanza uendeshe nayo usiku kabla fundi hajagusa kitu.

Sospeter: Sita zitaonyesha boliti za juu.

Neema: Zipake rangi nyeusi boliti.