Ugonjwa Uko Wapi: Kwenye Mashine, Kwenye Programu au Kwenye Mchoro?

Ndugu zangu wachoraji, nanyi wanafunzi mliokaa huku mbele, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie matatizo ya kawaida ya programu za kuchorea ramani za nyumba na jinsi ya kuyatatua. Sitawasomea orodha, maana orodha hiyo haina mwisho, na kila toleo jipya linaongeza yake. Nitaanza na swali ninaloliuliza kila ninapoitwa kuangalia mchoro uliogoma: ugonjwa uko wapi? Kwenye mashine, kwenye programu, au kwenye mchoro wenyewe?

Wengi hukimbilia mashine. Mchoro ukisuasua kidogo, ushauri ni "ongeza RAM" au "ifute programu uiweke upya". Ukimaliza kuiweka upya nusu siku imekwenda, mipangilio yako yote imepotea, na mchoro bado unasuasua. Kumbe lipo jaribio la dakika chache tu. Fungua faili jipya, tupu kabisa, chora kuta nne, weka mlango mmoja. Mambo yakienda vizuri hapo, ugonjwa uko kwenye faili lako. Hata hilo tupu likikwama, chukua lile faili bovu ulifungue kwenye kompyuta nyingine. Likifunguka bila shida kule, rudi kwenye mashine yako na uanze na draiva ya kadi ya grafiki, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi inayochora picha za skrini. Kama ni laptop yenye kadi mbili, hakikisha programu haijapewa ile dhaifu iliyowekwa kwa ajili ya kutunza chaji. Habari ya mashine naiacha hapo, kwa sababu kesi nyingi zinazonifikia ni za mchoro.

Sababu yake ni hii. Wewe ukitazama skrini unaona sebule, jiko na varanda. Programu inaona namba: nukta hii iko hapa, ile iko pale, mstari umeziunganisha. Ukiipa namba mbaya, itakutunzia kwa uaminifu wote.

Chukueni mchoro unaotetemeka. Ukiukuza, mistari inacheza. Duara linaota pembe. Kishale kinanasa ncha ambayo hukuilenga. Kwenye 3D, kuta zinatoa pembetatu nyeusi ambazo hakuna aliyezichora. Fundi atakwambia kadi ya grafiki imekufa. Kabla hujatoa pesa ya kadi nyingine, iulize programu kona ya nyumba yako iko kwenye namba gani. Katika AutoCAD, mojawapo ya programu zetu za kuchorea, amri yake ni ID. Ukijibiwa namba ya mamilioni, umeshapata jibu.

Mara nyingi tatizo hili linaingia hivi. Mpima ardhi amekuletea kiwanja kwa mfumo wa UTM, unaotaja mahali duniani kwa mita, na ambao namba zake huhesabiwa kutoka mbali sana. Kusini mwa ikweta, mfumo huo unaipa ikweta yenyewe mita 10,000,000, kusudi namba za huku chini zisiwe hasi. Basi kiwanja chako kinaweza kusoma mita 9,250,000 na ushei. Mpima hana kosa, kazi yake ni safi. Wewe ukaja ukachora nyumba papo hapo juu ya kiwanja chake.

Sasa tufanye hesabu pamoja. AutoCAD hutunza namba kwa biti 64, yaani tarakimu kama 15 au 16 za kuaminika, na hizo zinatosha kabisa. Lakini kadi ya grafiki inapochora picha kwenye skrini, kwa kawaida hutumia biti 32, na hapo tarakimu za kuaminika ni kama 7 tu. Kwa biti 32, ukishavuka 8,388,608 hakuna tena nusu wala robo. Kutoka namba nzima moja unaruka hadi nyingine. Maana yake, kwenye mita 9,250,000 hatua ndogo kuliko zote ni mita 1, na ukuta wako una unene wa milimita 150! Programu nyingi zina mbinu za kuuficha udhaifu huu, na zinafaulu hadi kiasi fulani. Mbinu zikifika mwisho wake, mistari inaanza kucheza.

Dawa ni kuileta kazi karibu na sifuri. Amua umbali wa kuhamisha, tuseme 9,250,000 kuelekea kusini na 500,000 kuelekea magharibi, uuandike ndani ya mchoro mahali panapoonekana, kisha hamisha nakala ya kiwanja kwa kiasi hicho na uchoree hapo. Siku ya kurudisha, unarudisha kwa namba zile zile. Wapo wanaogeuza mihimili tu, ile inayoitwa UCS, wakadhani wamemaliza. Hilo halisaidii. Namba zilizomo ndani ya faili hazijabadilika, wewe ndiye uliyehama mahali pa kuzisomea. Na wakati mwingine kiwanja hakihusiki kabisa. Kuna kipande cha mstari kimerushwa mbali bila mtu kujua. Ukiiambia programu ionyeshe mchoro wote na nyumba ikageuka nukta kwenye kona ya skrini, kitafute kipande hicho ukifute.

Tukitoka hapo tunaingia kwenye vipimo. Umeingiza kitanda kutoka maktaba ya vitu, kikaja kikubwa kuliko nyumba, au kimekuwa kidogo hata hakionekani. Usianze kukivuta kwa macho. Tafuta mlango kwenye mchoro uliouingiza, upime upana wake. Mlango wa kawaida ni rula nzuri kwa sababu kila mtu anajua ukubwa wake. Ukisoma 900, mchoro uko kwenye milimita. Ukisoma 90 ni sentimita, 0.9 ni mita, na ukisoma 35 au 36 mchoraji alitumia inchi. Hapo unajua ukuze kwa ngapi: kutoka inchi kwenda milimita ni mara 25.4, kurudi ni mara 0.03937. Kitu kikija kikubwa mara 25.4 kamili, karibu kila mara faili moja limeandikwa inchi kwenye mipangilio huku mwenyewe alichora kwa milimita. Na kubadilisha neno kwenye mipangilio hakukuzi wala kupunguza mistari iliyokwisha kuchorwa. Kunabadilisha tu jinsi vitu vitakavyoingizwa baadaye. Watu hubadilisha, wakaona hakuna kilichotokea, wakasema programu ina kasoro.

Naona mkono pale nyuma. Swali ni kuhusu chumba kinachokataa kujaa rangi, au programu inayokataa kukitambua kuwa chumba. Swali zuri, na ndugu yake ni paa linalokataa kujengeka lenyewe juu ya kuta.

Hapo kuna mwanya. Kuta mbili zinaonekana zimekutana, kumbe zimeachana kwa milimita 2, na kwa programu chumba chenye mwanya hakina ndani wala nje. Kuza kona moja baada ya nyingine hadi uuone. Katika AutoCAD ipo HPGAPTOL, inayoiruhusu programu ivumilie mwanya wa kiasi unachotaja unapojaza eneo. Mimi siipendi. Inaficha kosa ambalo litarudi utakapopima eneo la sakafu, au siku mtu mwingine atakapotaka kujenga 3D juu ya mistari hiyo. Ziba kona, basi.

Nduguye mwanya ni ukuta uliopinda kidogo. Mchoraji amevuta mstari kwa mkono bila kufunga pembe mraba, akaona umenyooka. Skrini nayo imewekwa ionyeshe digrii bila desimali, kwa hiyo inamwandikia 90. Ongeza desimali utaona 89.9. Sehemu moja ya kumi ya digrii, kwenye ukuta wa mita 12, inahamisha ncha ya pili kwa milimita 21 hivi. Ukianza kunakili ukuta huo, kila chumba kinarithi upotovu, na vipimo vinakataa kujumlika. Hapo ndipo mtu anapofanya jambo baya kuliko yote katika kazi yetu. Anaingia kwenye kipimo, anafuta namba iliyopimwa na programu, anaandika ile anayoitaka. Karatasi inasema 3600, mstari una 3585. Fundi wa msingi atafuata karatasi, mtengeneza madirisha atapewa faili, na wote wawili watakuwa na haki. Ukiletewa mchoro wa mtu mwingine, tafuta vipimo vya namna hiyo kabla hujauliza jambo lingine lolote.

Vitu vinavyopotea navyo vina utaratibu wake, na Revit, programu nyingine ya kuchorea nyumba, ndiyo inayoongoza kwa malalamiko. Umeweka dirisha dogo la bafuni, juu, mtu asichungulie. Kwenye 3D lipo. Kwenye ramani ya sakafu halipo. Unaliweka tena, halipo, unaliweka tena. Sasa una madirisha matatu mahali pamoja. Programu imetii tu. Ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa mlalo, na kwenye violezo vya kipimo cha metriki mkato huo kwa kawaida uko milimita 1200 kutoka sakafuni. Dirisha linaloanzia 1500 liko juu ya kisu. Ukipandisha mkato wa ramani nzima unaweza kuharibu vingine, kwa hiyo ni afadhali uzungushie bafu peke yake eneo lenye mkato wake. Kitu kikiwa bado hakionekani, angalia kama leya (tabaka la mchoro) au kundi lake limezimwa, kama kuna kichujio, kama kimefichwa kwa muda. Kufuta na kuchora upya kuwe jambo la mwisho.

Kuhusu nyuso zinazomemeteka kwenye 3D, nitasema kwa kifupi: umeweka nyuso mbili mahali pamoja, kwa mfano vigae na zege vyote viko kwenye sifuri, na kadi haijui ionyeshe ipi. Inua kimoja kwa unene wake wa kweli. SketchUp, programu ya kuchorea 3D, ina la kwake. Nukta mbili zilizokaribiana chini ya elfu moja ya inchi huzihesabu kuwa moja, kwa hiyo vitu vyenye mikunjo midogo, kama bomba au kitasa, hubaki na matundu. Kikuze kitu mara 1000, kitengeneze, halafu kirudishe.

Kuchapisha. Mchoro ni wa A3 kwa skeli ya 1:100, printa ina A4, mtu anabonyeza "ienee kwenye ukurasa" na anafurahi kwamba imeenea. Kutoka A3 hadi A4 kila urefu unapungua hadi asilimia 70.7, kwa hiyo skeli imekuwa kama 1:141, huku karatasi bado inasema 1:100. Ukuta wa mita 5 ulipaswa kuwa milimita 50 kwenye karatasi, sasa una 35. Chagua ukubwa halisi, na chora mstari wa skeli ndani ya mchoro, kwa sababu huo unapungua pamoja na nyumba na hausemi uongo.

Nimalizie na faili lililokufa. Umeme umekatika, AutoCAD imefunga ghafla, faili halifunguki. Usilihifadhi upya juu yake. Linakili kwanza, kisha tumia amri ya RECOVER kwenye nakala. Likifunguka, AUDIT ili makosa yarekebishwe, halafu PURGE kuondoa takataka zisizotumika. Likigoma, tafuta kwenye folda ile ile faili lenye jina hilo hilo na kiambishi .bak. Hiyo ni hali ya mchoro kabla ya kuhifadhi kwa mara ya mwisho. Badilisha kiambishi kiwe .dwg, kile cha michoro ya AutoCAD, ulifungue. Lipo pia lile linalohifadhiwa lenyewe, .sv$, ambalo hukaa kwenye folda ya muda, na ambalo hufutika ukifunga programu kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo lifuate mapema.

Kabla ya hayo yote, hakikisha faili kweli limekufa. Lifungue kwa programu ya kawaida ya kuandikia, kama Notepad. Utaona vurugu tupu, lakini herufi sita za kwanza zinasomeka. AC1032 ni umbo la faili lililoanza na AutoCAD ya 2018, AC1027 la 2013, AC1024 la 2010. Programu yako ikiwa ya zamani kuliko umbo hilo, faili ni zima kabisa, wewe ndiye huwezi kulisoma. Mwombe aliyekutumia alihifadhi kwa umbo la nyuma. Kwa Revit msiombe hivyo, kwa sababu mradi uliokwisha kupandishwa kwenye toleo jipya haurudi chini. Mkubaliane toleo kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.