Nambari Kwanza, Faili Baadaye

Naona mmeanza kucheka. Mnajua nikizungumzia kutafuta faili la kesi mahakamani nitaanza na nambari. Naam, naanza nayo. Mtu anatoka Wenje alfajiri, anafika masjala ya mahakama Hola, huku Tana River, karani anamwuliza nambari ya kesi, naye anatoa ya OB. Ndugu zangu, OB ni kitabu cha matukio cha polisi. Karani akisema hana faili hilo, hajakudanganya.

Shikeni karatasi ya mashtaka. Ina nambari ya kesi ya polisi na ina ya faili la mahakama. Mnayoitaka ni hiyo ya mahakama, na peke yake haitoshi: aina ya kesi, nambari, mwaka. 45 ya 2021 imo kwenye jinai, imo kwenye trafiki, imo kwenye madai na mirathi. Mwaka ni wa kufunguliwa kesi, si wa hukumu. Na ikitanguliwa na herufi E, msiiache, la sivyo mtaletewa faili la mtu mwingine.

Karatasi imeliwa na mchwa? Tazameni risiti ya dhamana, ya faini, au samansi. Aliyefungwa, hati yake ya kifungo iko gerezani na nambari imo. Hamna chochote? Basi leteni mwezi na mwaka aliofikishwa kortini, pamoja na jina la mshtakiwa wa kwanza. Rejista hufuata nambari, haifuati majina, na kesi ya watu sita hujulikana kwa jina la yule wa kwanza. Mohamed, Muhammad, Mahamud: tajeni yote.

Kuna kijana pale nyuma anataka kuniambia kila kitu kiko mtandaoni. Kenya Law, tovuti ya sheria na hukumu, ni bure, na ni nzuri, lakini iliyojaa mle ni hukumu za Mahakama Kuu kwenda juu. Kesi ya mbuzi iliyoamuliwa na hakimu mwaka 2014 iko rafuni, kwa mwandiko wa mkono.

Na faili lisipokuwapo rafuni, msikubali neno "limepotea" upesi. Ulizeni lilitoka lini, likaenda wapi: kwa hakimu, kwa mchapaji, au Mahakama Kuu Garsen kwa ajili ya rufaa. La zamani huenda liko Malindi.

Naonyeshwa saa. Haya, mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yaliyosemwa kortini: ombeni kwa barua siku ileile ya hukumu, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Rufaa ya jinai ni siku 14, ya madai 30, na kuchapa kunaweza kuzipita zote. Muhuri huo ndio utakaowatetea mkiulizwa mbona mmechelewa. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na risiti mdai. Mafaili ya kesi za watoto hayafunguliwi kila mtu, msigombane na karani kwa hilo. Ibara ya 35 ya Katiba na sheria ya 2016 ya haki ya kupata habari, zile siku 21 za kujibiwa ombi, nilitaka kuzieleza, ukumbi unatakiwa. Mwenye swali la mirathi anisubiri chini ya mwarobaini, aje na nambari.