Skripti Yako Itume Barua Pepe kwa sendmail

Karibuni tena. Leo naifunza skripti yangu ya bakapu initumie barua pepe kila inapokwama. Postfix, programu ya kusafirisha barua pepe, nimeshaisakinisha na kuiwekea seva ya kupitishia barua, hiyo tunaipita.

Skripti haina haja ya kujua seva ya SMTP (ile inayopokea barua ili izisafirishe), wala mlango 587, wala nenosiri lako. Ukiwa na mzigo wa Kisumu, unaupeleka ofisi ya basi pale River Road, Nairobi, unaandikiwa risiti, unarudi kazini. Ofisi yetu ni /usr/sbin/sendmail. Programu ya Sendmail aliiandika Eric Allman miaka ya 1980, na hadi leo Postfix na mwenzake Exim zinapokea barua kwa jina hilohilo. Naipenda sana njia hii.

Haya, andika From, To, Subject, kisha ujumbe, vyote uvipitishe kwa:

/usr/sbin/sendmail -t -i

Weka njia kamili, maana cron, inayoendesha skripti kwa ratiba, mara nyingi haitafuti ndani ya /usr/sbin. -t inasoma mpokeaji kwenye To. Na -i, subirini nivute karibu muione. Bila -i, mstari wenye nukta moja peke yake unachukuliwa kuwa mwisho wa barua. Mimi niliwahi kuiacha. Ripoti ya mteja ilikuwa na nukta kama hiyo katikati, na mstari wa "diski imejaa" ulikuwa chini yake. Haukufika. Usiache -i.

Tujaribu. Ngoja... barua imefika tupu! Mnaona? Ujumbe wangu unaanza na "Kosa: diski imejaa", na sikuacha mstari mtupu baada ya Subject. Kwa hiyo "Kosa:" imehesabiwa kichwa kama "To:". Naongeza mstari mtupu, narudia. Sasa imesomeka. Na -i bado ipo, hakikisheni.

Sasa nazima ruta, kama stima imepotea. Natuma: skripti imemaliza papo hapo. Andika mailq, barua iyo hapo kwenye foleni. Postfix hujaribu tena na tena hadi siku 5 usipobadilisha mpangilio. msmtp, programu nyingine ya kutuma barua, nayo ni nyepesi, ila yenyewe haina foleni, ndiyo maana kwenye seva za wateja naweka Postfix.

Nawasha ruta, napiga postqueue -f kama root (msimamizi), foleni itumwe sasa hivi. Simu hiyo imelia, barua imeingia. mailq tena: foleni tupu.