Supachaja au Turbo Mbili: Pikapu ya Kila Siku Ifungwe Nini?

Zuhura: Msikilizaji wetu wa Sacramento, California, ametuandikia. Ameanza na shikamooni, kwa hiyo ni kijana. Ana Chevrolet Silverado ya 2004, V8 ya lita 5.3. Anaendea kazini kila siku, mwisho wa wiki anavuta trela. Anataka nguvu zaidi, na swali lake ni afunge supachaja au turbo mbili.

Mussa: Marahaba kijana. Funga turbo. Haya dada, tuage watu.

Zuhura: (anacheka) Hebu toa sababu kwanza.

Mussa: Moshi ukitoka kwenye injini una joto na kasi, na bila turbo vyote vinapotelea kwenye ekzosi. Turbo inautumia moshi huohuo kuzungusha feni, zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, na feni ya upande wa pili inashindilia hewa kwenye silinda. Supachaja nayo inashindilia hewa, ila inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krankishafti, mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo injini inaigharimia muda wote. Ukikanyaga mpaka chini, makumi ya nguvu za farasi yanaliwa na mkanda.

Zuhura: Turbo nayo si ya bure, kaka. Moshi unazuiwa njiani, injini inapumua kwa shida kidogo. Lakini mimi nauliza mguu wake unafanya nini kutwa. Anaondoka kwenye taa, anapandisha kilima na trela, injini iko kati ya mizunguko 1,500 na 3,000. Hapo supachaja ya rota mbili, ile inayokaa juu ya injini katikati ya safu mbili za silinda, inajibu pale pale unapogusa mafuta. Ile ya feni, inayofungwa mbele kwa pembeni, simshauri. Msukumo wake unapanda pamoja na mizunguko, huku chini haina kitu.

Mussa: Habari ya turbo kuchelewa ni ya zamani. Ford mwaka 2011 waliipa F-150 V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili ndogo, farasi 365, na torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ya juu kabisa inapatikana kwenye mizunguko 2,500. Hiyo ni pikapu ya kuvutia boti, si ya maonyesho.

Zuhura: Ile ilizaliwa na turbo. Pistoni, kompyuta, mfumo wa kupoza, vyote vilipangwa pamoja. Huyu kijana ana injini isiyojua turbo ni nini. Na Ford haohao walipotaka pikapu ya mbio mwaka 1999, ile Lightning, waliweka supachaja juu ya V8 ya lita 5.4. Farasi 360, na kuanzia 2001 wakafika 380. Ram TRX ya 2021 nayo ni supachaja, farasi 702.

Mussa: Na GMC Syclone ya 1991 umeisahau? V6, turbo moja, farasi 280, magurudumu yote manne yanasukuma.

Zuhura: Ambayo waliotengeneza wenyewe walikataza isibebe zaidi ya paundi 500! Hizo ni kilo 227. Magunia mawili ya mahindi, la tatu ubebe kichwani.

Mussa: (anacheka) Haya, hiyo umenipata. Lakini turuke kwenye pesa. Ile 5.3 bloku yake ni ya chuma, mafundi Marekani nzima wanaipenda kwa turbo. Ukiwa unajua kuchomelea mabomba, unapata farasi wengi kwa bei ndogo kuliko supachaja ya boksini.

Zuhura: Ukiwa unajua kuchomelea. Yeye hakusema anajua. Turbo mbili maana yake manifoldi mpya za kutolea moshi kila upande, mabomba ya hewa kwenda intakula, yaani kipoza hewa, na kurudi, mipira ya oili ya kupeleka na kurudisha, na joto la kutisha karibu na waya za plagi na paipu za breki. Kila kitu kikingwe. Halafu gari hiyohiyo ndiyo ya Jumatatu asubuhi. Supachaja ya seti kamili fundi anaifunga kwa spana za kawaida, nayo ina intakula yake chini ya rota.

Mussa: Sawa, ila hapa tunakubaliana: lolote atakalofunga, petroli ndiyo itampimia. California petroli bora ya kwenye pampu ni oktani 91. Msukumo ukizidi, petroli inawaka kabla ya wakati wake na injini inaanza kugonga. Na ringi za pistoni za kiwandani zimeachiwa nafasi ndogo. Joto likipanda ncha zinakutana, pistoni inapasuka pale juu. Abaki kwenye msukumo wa paundi 6 hivi kwa inchi ya mraba. Ni kidogo ukisikia, lakini hewa yenyewe ya angani ni paundi 14.7, kwa hiyo ameongeza karibu asilimia 40.

Zuhura: Na nozeli kubwa za kunyunyizia petroli, pampu ya petroli, na mtu anayejua kupanga kompyuta. Hiyo ya mwisho asibane pesa.

Mussa: Gia boksi je? Hiyo ya gari lake, otomatiki ya 4L60-E, klachi za gia ya tatu na ya nne zinaungua hata bila turbo. Mimi ningeanzia hapo.

Zuhura: Kuna jambo ambalo kwangu linamaliza ubishi. Sacramento anapimwa moshi kila miaka miwili, na fundi anafungua boneti aangalie kwa macho. Kifaa cha kuongeza nguvu lazima kiwe na nambari ya EO, yaani kibali, kutoka CARB, bodi ya hewa ya jimbo, inayotaja mwaka na injini ya gari lake. Supachaja za seti zenye nambari hiyo zipo. Turbo za kuchomelea uani, hata ziwe safi vipi, hazipiti.

Mussa: Angekuwa jimbo lisilopima moshi ningeendelea kubishana mpaka usiku.

Zuhura: Najua.

Mussa: Basi kijana, tafuta supachaja yenye EO ya gari lako, uione kwa macho kabla ya kulipa. Lakini gia boksi kwanza, pamoja na kipoza oili chake. Na trela ina uzito gani? Mbona hakuandika?

Zuhura: Hakuandika.

Mussa: Atuandikie. Ikiwa ni ya tani tatu, hata hizo paundi 6 nazipunguza.