Msimu wa Mawe na Siku Moja ya Bao

(Mhadhara uliotolewa Lamu baada ya sala ya Isha, mbele ya wachezaji wa bao na mabaharia wa mashua za mashindano)

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu mlioketi upande wa ngazi, vijana wa Shela, Matondoni na hapa Mjini, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya mashindano, nami nimechagua mchezo ambao sidhani kuna mtu humu aliyewahi kuucheza isipokuwa mimi, tena kwa miezi michache tu nilipokuwa nikisoma Uskoti. Unaitwa kalingi, mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Nauleta hapa kisiwani, ambako barafu tunayoijua ni ya kuwekea samaki, kwa sababu wenye mchezo huo wana kitu tunachokikosa sisi, na kukikosa kwetu kunaniuma. Wana msimu.

Kwanza niwaonyeshe jiwe lenyewe. Ni la mviringo, limesuguliwa likang'ara, na juu lina mpini kama wa buli. Uzito wake ni kati ya kilo 17 na 20, yaani ukilinyanyua ni kama umenyanyua dumu la maji la lita 20. Mawe ya Olimpiki huchongwa kwa matale, aina ya jiwe gumu, ya Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha Uskoti kisichokaliwa na watu. Uwanja ni ukanda wa barafu wa mita 45 na ushei. Kabla ya mchezo barafu hunyunyiziwa matone ya maji, yakaganda yakawa vipele, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo likinguruma. Ule mngurumo sijausahau mpaka leo. Husikii kishindo, unasikia kitu kizito kinachokwenda polepole na hakisimami.

Mchezaji hupiga goti moja, akateleza pamoja na jiwe, kisha akaliachia huku amelizungusha kidogo mpini. Ule mzunguko ndio unaolipinda jiwe likielekea mwisho. Wenzake wawili hukimbia mbele yake wakifagia barafu kwa brashi, barafu ikapata joto kidogo, jiwe likaenda mbali zaidi na likanyooka zaidi. Kule mwisho, karibu na duara la kulengea, amesimama nahodha anapiga kelele: fagia, acha, fagia! Mabaharia mliopo hapa mnamjua mtu huyo, hata kama hamjawahi kuiona theluji. Na lile duara la kulengea wao wanaliita nyumba. Nilipolisikia neno hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini, maana na bao letu lina nyumba, na anayejua kucheza anajua ilivyo kazi kuilinda.

Timu ina watu wanne, kila mmoja na mawe mawili, kwa hiyo kila ngwe, yaani kila duru ya kurusha, ina mawe 16 ya timu zote mbili. Ngwe kumi kwa mechi kubwa. Anayerusha jiwe la mwisho ana nguvu, na aliyepata pointi, yaani mwenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha nyumba, humwachia mpinzani jiwe la mwisho katika ngwe ifuatayo. Kwa sababu hiyo utaona timu inaisafisha nyumba kusudi, isipate hata pointi moja, ili jiwe la mwisho libaki mikononi mwake. Nikiwatazama nilikuwa nawakumbuka wazee wa uwanja wetu wa Mkunguni wanavyonyamaza juu ya ubao wa bao.

Sasa msimu. Sisi neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwa mabaharia lilikuwa neno la upepo. Basi sikilizeni jinsi linavyowafaa watu wa barafu. Mashindano yao huanza Agosti na Septemba, kusi yetu inapochoka na demani kuingia. Novemba wanacheza ubingwa wa Ulaya. Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kaskazi ikiwa imekaza, majimbo ya Kanada yanatafuta wawakilishi na mabingwa wa taifa, wanawake kwa wanaume. Machi na Aprili ni ubingwa wa dunia. Kusi ikirudi, wao wanafunga mawe. Kila miaka minne, Februari, kuna Olimpiki pia.

Katika miezi yote hiyo timu zinakusanya pointi, na kila wiki kuna mahali mawe yananguruma. Mashindano mengi madogo huchezwa Ijumaa mpaka Jumapili, na baadhi yake yana utaratibu nilioupenda kuliko yote: ukifungwa mara moja hutoki. Unahamia upande wa pili wa ratiba. Ukifungwa tena, upande wa tatu. Unatoka ukifungwa mara tatu. Hata ubingwa wa dunia, wenye timu 13, kila timu hucheza na nyingine zote, mechi 12, ndipo sita za juu zinaendelea.

Linganisheni na sisi. Kijana anatoka Kipungani na nauli yake, anakaa kwenye ubao mara moja, anakutana na fundi, anafungwa, anarudi nyumbani kungoja mwaka mzima. Amejifunza nini? Yule fundi hakupata hata wasaa wa kumwambia alikosea wapi. Mashua nazo ni hivyo hivyo. Mnashona tanga, mnalainisha mbao, mnafundisha vijana kukaa upande wa upepo, kisha upepo ukikukataa saa moja ya mchana mmoja, kazi ya mwaka imekwisha.

La pili ni kumbukumbu. Ubingwa wa wanaume wa Kanada, wanaouita Brier, ulianza mwaka 1927, na mshindi wa kila mwaka uliochezwa anajulikana. Kuna kisa kinachonigusa zaidi. Mwaka 1924 kalingi ilichezwa Chamonix, Ufaransa, katika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, na Uingereza ikashinda. Baadaye watu wakahesabu kwamba yale yalikuwa maonyesho tu, na mchezo haukurudi kama wa medali hadi Nagano mwaka 1998. Gazeti la The Herald la Glasgow likafukua karatasi za zamani, na mwaka 2006 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakubali kwamba medali zile zilikuwa rasmi. Miaka 82! Waliozipata walishazikwa, lakini karatasi ilikuwapo.

Hapa kwetu mimi mwenyewe nilifika nusu fainali ya bao mwaka mmoja. Matokeo yaliandikwa kwenye karatasi moja, na waandaaji wakaipoteza kabla ya magharibi. Nani alimfunga nani, mpaka leo inategemea umeketi baraza la nani. Mimi si kitu, lakini mle ndani mlikuwa na mzee aliyecheza usiku ule vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, naye amefariki, na hakuna mahali jina lake limeandikwa.

La tatu ni uaminifu, na hapa nitakaa kidogo. Msimu wa 2015 kuingia 2016 zilitokea brashi mpya zenye kitambaa kilichokwaruza barafu, mfagiaji akaweza kulipeleka jiwe karibu anakotaka. Sheria haikuzikataza. Lakini timu zaidi ya 20 za juu zilikubaliana zenyewe, kabla hakimu hajasema, kwamba hawatazitumia, kwa sababu ustadi ulikuwa unatoka kwenye mkono wa mrushaji unahamia kwenye kitambaa. Mei 2016 wachezaji na wataalamu walikutana Kemptville, Ontario, wakazijaribu brashi barafuni, na baadaye shirikisho la dunia likaweka kitambaa cha aina moja kwa wote.

Na hilo halikutoka hewani. Jioni moja nilikuwa nafagia sambamba na mzee mstaafu. Jiwe letu lilikuwa linakwenda vizuri. Ghafla akainua mkono, akalisimamisha, akasema, "Nimeligusa." Hakuna aliyeona. Hata mimi niliyekuwa hatua moja naye sikuona. Jiwe likaondolewa, tukapoteza ngwe, na hakuna aliyemlaumu wala kumsifu.

Mtasema sisi si watu wa barafu. Wanigeria nao si watu wa barafu. Mwaka 2019, Stavanger, Norwe, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa Nigeria walicheza ubingwa wa dunia wa timu za wawili wawili, na wakaifunga Ufaransa. Nasi bao tunalo tayari, na bahari tunayo.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba. Kusi ikitulia, tuanze. Kila Alhamisi baada ya Isha, Mkunguni, mbao nne. Anayefungwa mara tatu ndiye anayetoka, na hata huyo aruhusiwe kukaa na kutazama. Tufunge msimu kaskazi ikikaribia kwisha. Manahodha wa mashua wachague siku zao wenyewe, maana wao ndio wanaojua upepo, lakini ziwe siku sita, isiwe moja. Nimenunua daftari la jalada gumu, na la pili litakaa kwa mtu mwingine, mtaa mwingine, likiandikwa yale yale.

Daftari ni hili. Linaanzia kwa mzee aliye karibu na mlango. Andika jina lako na la mtaa wako, kisha umpe jirani.