Neno Linapomlazimisha Mfasiri Kuamua

Mabibi na mabwana,

Ukitajwa ugumu wa tafsiri, wengi hukumbuka maneno yasiyo na kisawe, yale yanayopangwa kwenye orodha na kusambazwa mitandaoni kama vioja. Orodha hizo zinachangamsha, lakini sidhani kama zinatufikisha mbali, kwa sababu neno lisilo na kisawe linaweza kuelezwa kwa sentensi nzima, kukopwa lilivyo au kuundiwa istilahi. Linalonisumbua mimi ni neno jepesi la kila siku ambalo lugha lengwa, ile unayofasiria, inakutaka useme juu yake jambo ambalo lugha chanzi, ile unayofasiri kutoka kwayo, ilinyamaza nalo.

Tuichukue sentensi hii: "Ndugu yake amefika." Tuseme ndugu huyo ni wa tumbo moja. Hatukuambiwa kama aliyefika ni wa kiume au wa kike, ni mkubwa au mdogo, wala huyo mwenye ndugu ni bwana au bibi, na bado habari imetufikia kamili. Mfasiri wa Kiingereza atakwama mara mbili: lazima achague kati ya "brother" na "sister", kisha kati ya "his" na "her". Wa Kichina atahitaji kujua pia nani alitangulia kuzaliwa, kwani kaka mkubwa ni "gege" na mdogo wa kiume ni "didi", ilhali dada mkubwa ni "jiejie" na mdogo wa kike ni "meimei". Wa Kituruki atapumua kidogo, maana analo neno "kardeş" lisilotaja jinsia, na kimilikishi chake nacho hakitaji; ila akifika kwenye kitenzi ananaswa. Akiandika "geldi", anaitoa habari kama jambo la hakika, aghalabu lililoshuhudiwa. Akiandika "gelmiş", anadokeza kwamba ameambiwa na watu, au ameona begi limewekwa mlangoni akakisia.

Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Urusi, alieleza mwaka 1959 kwamba lugha hutofautiana hasa katika yale zinayolazimika kuyasema, wala si katika yale zinayoweza kuyasema. Kituruki kinaweza kutaja jinsia kikitaka, na Kiswahili kinaweza kusema "nasikia amefika". Tofauti ni nani anayeshurutishwa.

Tusijidanganye kwamba Kiswahili hakishurutishi. Mpe mfasiri wetu neno "uncle" bila maelezo, naye atauliza mara moja: wa upande gani? Wa kwa mama ni mjomba. Wa kwa baba ni ami, au baba mkubwa, au baba mdogo. Kilatini nacho kiliwatenganisha, ndugu wa kiume wa mama akiitwa "avunculus" na wa baba "patruus". Kifaransa kikarithi "avunculus", likawa "oncle", kikalitumia kwa pande zote mbili, na kutoka huko Kiingereza kikapata "uncle". Kwa hiyo neno linalotutatiza leo lilianza likiwa mjomba halisi, nasi tunapolifasiri tunarudisha mpaka ambao wenyewe waliufuta.

Upo mfano mwingine ambao makosa yake huonekana papo hapo. Kiindonesia kina "sisi" mbili: "kita" humjumuisha anayeambiwa, "kami" humwacha nje. Mtu akimwambia mgeni wake, "Tunaondoka sasa", Kiswahili hakisemi kama mgeni anakaribishwa kwenye safari au anaagwa. Hilo tunalisoma usoni. Katika maandishi uso haupo, na mfasiri akikosea kiwakilishi hicho kimoja, aliyealikwa atabaki ameketi.

Kwa upande wa viungo vya mwili, niseme tu kwamba "mkono" wetu unalingana na "ruka" ya Kirusi, toka begani hadi vidoleni, ilhali Kiingereza kimeukata kwenye kifundo, juu "arm" na chini "hand". Kirusi ni cha ukoo mmoja na Kiingereza, wala si na Kiswahili; kwa hiyo undugu wa lugha hausaidii kutabiri mambo haya.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Sentensi ile ikienda Kichina kwa "gege", kisha ikarudishwa Kiswahili na mtu ambaye hakuiona ya mwanzo, itasomeka "Kaka yake mkubwa amefika." Hakuna aliyeharibu sarufi, na huenda aliyefika ni binti wa mwisho kuzaliwa. Ndiyo maana, kabla sijafungua kamusi, humtafuta mwandishi nikamwuliza ndugu huyo ni nani, na ni mtoto wa ngapi.