Namba ya tarakimu milioni 41 tunaijuaje bila kuiandika

Karibuni jamani, waliosimama nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Leo nimekuja na namba moja tu. Andika 2, irudie mpaka ziwe 2 zimejipanga 136,279,841, zizidishe zote kwa pamoja, alafu toa 1. Basi, hiyo ndo namba yenyewe.

Ina tarakimu 41,024,320. Ukiamua kuiandika kwa mkono, tarakimu moja kila sekunde, bila kulala wala kula, utamaliza baada ya siku kama 475 hivi. Ilitangazwa Oktoba 2024, aliyeipata ni Luke Durant akiwa kwenye mradi wa GIMPS, ambao tangu 1996 watu wa kawaida wanachangia kompyuta zao kutafuta namba za aina hii, na ni namba tasa, yani haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa 1 na yenyewe.

Sasa hebu niulizeni, inaishia na tarakimu gani? Hatuhitaji kompyuta. Angalieni ubaoni: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Tazama za mwisho tu: 2, 4, 8, 6, alafu tena 2, 4, 8, 6, inazunguka hivyo milele. Kwahiyo kipeo chetu, yani idadi ya zile 2 tulizozidisha, tukigawanye kwa 4, na kwa 4 zinatosha tarakimu mbili za mwisho, 41, inabaki 1. Maana yake tuko pale kwenye 2. Toa 1, jibu ni 1. Namba yetu inaishia na 1! Mimi hili jambo nimelifanya mara nyingi sana na bado linanifurahisha, mtu umekaa na chaki tu unaiona ncha ya kitu kirefu hivyo.

Kwenye lugha ya kompyuta ya sifuri na moja ndo utaipenda zaidi, haina sifuri hata moja, ni moja zimejipanga 136,279,841.

Namba za hivi, unazidisha 2 kadhaa alafu unatoa 1, zinaitwa za Mersenne, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 17. Ili iwe tasa lazima kipeo chenyewe kiwe tasa, ila hiyo peke yake haitoshi, maana 11 ni tasa lakini ukizidisha 2 kumi na moja alafu ukatoa 1 unapata 2047 ambayo ni 23 mara 89. Kwahiyo lazima upime.

Na kipimo chenyewe jamani ni kizuri mno, kinaitwa Lucas-Lehmer. Unaanza na 4. Zidisha yenyewe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, unachukua kinachobaki tu unarudia. Hatua ya mwisho ikibaki sifuri, namba ni tasa. Tupime 31, kipeo chake ni 5, hatua ni pungufu kwa mbili, yani 3. Ya kwanza 16 toa 2 ni 14. Ya pili 196 toa 2 ni 194, gawanya kwa 31 inabaki 8. Ya tatu 64 toa 2 ni 62, gawanya kwa 31, haibaki kitu. Sifuri! 31 ni tasa, na hatujajaribu kuigawanya kwa 3 wala 5 wala chochote.

Ile kubwa nayo ni hivihivi, isipokuwa hatua ni 136,279,839 na kila hatua unazidisha namba zenye tarakimu mamilioni, ndo maana kompyuta kadhaa zenye programu tofauti zilirudia kazi ili kuhakiki, na zote mwisho zikatoa sifuri.

Mkifika nyumbani chukueni karatasi mpime 127, kipeo chake 7, hatua 5. Mkiona 14, 67, 42, 111, alafu sifuri, mko sawa.